Nani aongee na watoto wa P6 kuhusu kusubiri: vijana wa S5, mwalimu mlezi au mkutano wa kiapo?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka sita nimekuwa mlezi wa kikundi cha wanafunzi wa S5 (kwetu P ni shule ya msingi, S ni sekondari, na namba ni mwaka wa masomo) wanaokwenda shule za msingi za jirani kuzungumza na wadogo zao kuhusu kusubiri. Neno hilo walilichagua wenyewe. Vitabuni utakuta "kujiepusha na ngono", mahubirini utasikia "kujitunza", na ng'ambo ya mpaka kuna wakati vijana walikuwa wakisema "nimechill". Wetu walishika kusubiri kwa sababu, kama alivyonieleza msichana mmoja, anayesubiri anajua kuna kitu kinakuja.

Muhula wa pili unapokaribia, walimu wakuu na wazazi huniuliza jambo moja. Tulete vijana wako? Tumwachie mwalimu mlezi wa wasichana pamoja na muuguzi wa kituo cha afya? Au tukaribishe wale wa mkutano mkubwa, wenye spika na kadi za kiapo? Njia zote tatu zimepita katika shule zetu, nami nimekaa nyuma ya darasa au chini ya mwembe nikizitazama. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya yule ambaye lazima aamue kabla ya Mei. Sifichi upande wangu: kwa kazi hii nawapenda vijana. Lakini nimekosea nao mara mbili, makosa mazito, na anayechagua ana haki ya kuyajua kabla hajapanga ratiba.

Busia ni mji wa malori. Magari yanapanga foleni, madereva wanalala, vibanda vya chipsi havifungwi, na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyetumwa sukari jioni anapita katikati ya hayo yote. Lakini tatizo si letu peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba 24% ya wasichana wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2011 ilikuwa 24%. Mwaka 2016 ilikuwa 25%. Msichana mmoja kati ya wanne, miaka kumi na moja, na hesabu haijasogea. Katikati hapo shule zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na sisi tuliofungua madarasa Januari ile tunakumbuka ni madawati ya nani yaliyobaki wazi.

Kwa hiyo sitaki kubishana kama watoto waambiwe au wasiambiwe. Swali langu ni nani awaambie, na kwa namna gani.

Nani anasikilizwa

Chukua siku moja ya mwaka juzi. Darasa la P6, watoto zaidi ya themanini, wanne wanne kwenye dawati la watu watatu. Mbele kuna boksi la sabuni lililotobolewa juu, ambamo watoto wametia maswali yao bila majina. Wiki moja kabla, muuguzi alikuwa amefungua boksi hilohilo akakuta karatasi imeandikwa: "Kama mtu amekulipia karo unamkatalia vipi?" Alijibu vizuri. Alieleza sheria, akaeleza hatari ya mimba na virusi, akasema hakuna karo yenye thamani ya maisha. Watoto waliitikia "ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, ile sauti ya darasa ambayo kila mwalimu anaijua, inayosema kwamba hakuna kilichoingia.

Tulipofika sisi, swali lilikuwamo tena kwenye boksi, kwa mwandiko uleule. Msichana wangu wa S5 alilisoma, akaweka chaki chini.

"Mimi nilipewa simu," alisema. "Nilikaa nayo siku tatu. Kila ikilia, moyo unaruka. Siku ya nne nikampa shangazi, yeye ndiye aliyeirudisha."

Kimya. Halafu mtoto mmoja wa kiume kutoka nyuma: "Alikasirika?"

"Alikasirika. Akawa ananitukana njiani nikitoka kuchota maji, wiki nzima. Nikabadili njia. Mwisho akachoka."

Maswali yaliyofuata sikuwahi kuyasikia mbele ya mtu mzima. Je, shangazi hakukupiga? Uliogopa? Wenzako walikucheka kwa kurudisha simu nzuri? Kwa dakika ishirini hakuna aliyeuliza ngono ni nini. Waliuliza kukataa kunakuwaje siku ya pili yake.

Hapo ndipo kijana anapomzidi mtu mzima, na sijaona njia nyingine inayolifikia jambo hilo. Sisi walimu tunafundisha kukataa kana kwamba ni neno moja, ukishalitamka limekwisha. Mtoto anajua halijaisha. Yule mwanamume bado anakaa mtaa uleule, karo bado haijalipwa, marafiki bado wanacheka. Kijana wa miaka kumi na saba aliyepita hapo juzi anazikumbuka hatua zenyewe: ulisema nini, ulisimama wapi, ulimwambia nani kwanza. Tena mtoto anamwona yupo hai, amefika S5, sare imepigwa pasi. Hiyo peke yake ni hoja.

Kwa wavulana tofauti inakuwa kubwa zaidi. Semina nyingi za watu wazima huwaita wasichana pembeni na kuwaacha wavulana wakicheza mpira, kana kwamba mimba inajileta. Mvulana wa P7 anaulizwa na wenzake "wewe bado?" na hana jibu. Niliwahi kumpeleka golikipa wa timu yetu, kijana mrefu ambaye watoto wote wanamjua kwa jina la utani. Alisema: "Mimi bado. Na hakuna aliyenipiga." Walicheka, kisha wakamzunguka mpaka kengele. Mwalimu angesema vilevile na isingekuwa kitu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Watoto wetu wana Kisamia, Kiteso au Kiganda nyumbani, na Kiingereza ubaoni. Kwa lugha ya mama maneno ya mwili ni aibu, hayatoki. Kwa Kiingereza yanatoka lakini yanabaki ubaoni pamoja na sehemu za ua. Kiswahili kiko katikati. Ni lugha ya soko na ya foleni ya malori, na ndiyo lugha ambayo yule dereva atamsemesha mtoto. Wazee wengine wa Uganda bado wanaisikia kama lugha ya askari, naelewa kwa nini. Lakini watoto wakifanya mazoezi ya kukataa wawili wawili, wanakataa kwa Kiswahili, na mimi nawaacha.

Nani anajua

Hapa vijana wanashindwa, tena vibaya.

Mvulana wangu mmoja, mwerevu, aliwaambia P7 kwamba kondomu ina vitundu vidogo ambavyo virusi vinapenya. Alikuwa amesikia mahali. Nilimwona msichana wa dawati la mbele akiandika kwenye daftari, akapiga mstari chini kwa rula. Tulirudi wiki iliyofuata kusahihisha, lakini neno lililopigwa mstari ni gumu kufuta. Kumtaka mtoto asubiri hakumpi mtu ruhusa ya kumdanganya. Siku atakapogundua kwamba ulimdanganya kuhusu kondomu, atajiuliza ulimdanganya nini kingine.

Muuguzi hakosei hivyo. Anajua kwamba msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza, hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza. Anajua kwamba mtoto aliyebakwa akifikishwa kituoni ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, na kwamba kila saa inayopita inapunguza kinga hiyo. Anajua pia jambo ambalo vijana wengi wenye bidii ya dini hulisahau: katika darasa la watoto themanini huenda yumo aliyezaliwa na virusi, anayemeza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, kila siku na hajamwambia rafiki hata mmoja. Ukisimama mbele yake ukasema UKIMWI ni malipo ya uasherati, umempiga mtoto asiye na kosa. Vijana wangu sasa wanakatazwa kabisa kauli hiyo. Wanafundishwa kusema kweli kamili: kuna waliozaliwa na virusi, dawa zinafanya kazi, na mtu anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Inategemea unasema kipi katika unavyovijua. Mtafiti Pascaline Dupas alichapisha mwaka 2011 matokeo ya kazi aliyoifanya magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wetu, kwa wanafunzi wa darasa la nane. Katika shule kadhaa walimu walipewa mafunzo ya mtaala wa taifa, uliosisitiza kusubiri. Mimba za wanafunzi hazikupungua. Katika shule nyingine aliingia msemaji kwa dakika 40, akiwa na filamu fupi, akawaonyesha wasichana takwimu moja iliyo wazi: wanaume wakubwa wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata, uzazi miongoni mwa wasichana hao ulipungua kwa 28%.

Matokeo hayo nimeyatafakari mara nyingi, maana hayanipendelei. Wasichana wale hawakuanza wote kusubiri. Walichofanya ni kuwakwepa wanaume wakubwa. Kwa hapa Busia, ambako tishio lina gari na pesa mkononi, hiyo ni habari ya kuokoa maisha, na somo letu la "subiri tu" halikuwa nayo. Tumeiingiza. Sasa mzunguko wa kwanza unaanza na swali: nani ana uwezekano zaidi wa kuwa na virusi, mvulana wa S2 au mwenye gari? Watoto karibu wote hujibu mvulana, kwa sababu mwenye gari ananukia sabuni.

Nani anaambiwa siri

Kosa langu kubwa liko hapa.

Mwaka wa pili wa kikundi, mtoto wa P6 alimfuata msichana wangu baada ya kipindi, akamwambia kwamba mjomba wanayeishi naye anamsumbua usiku. Akamwapisha asimwambie mtu. Msichana wangu alikuwa na miaka kumi na saba na moyo mzuri. Aliapa, na akatunza kiapo. Wiki mbili. Alikuwa hali vizuri, akashindwa kufanya mtihani wa hesabu, mpaka akaja ofisini kwangu akilia. Katika wiki mbili zile yule mtoto alilala katika nyumba ileile.

Msichana hakukosa. Mimi ndiye niliyempeleka mahali ambapo siri kama hiyo ingemwangukia bila kumwambia afanye nini nayo.

Kijana anaaminiwa kwa sababu si mwalimu. Kwa watoto wengine mtu mzima wa kuogopwa yuko humohumo shuleni au nyumbani, na dada wa S5 ndiye mlango pekee ulio wazi. Lakini nyuma ya mlango huo lazima awepo mtu mzima. Kulinganisha vijana na mwalimu mlezi kana kwamba lazima uchague mmoja ni kukosea swali: kijana anasikia, mwalimu mlezi anachukua hatua. Kwetu sasa kila kijana anaanza kipindi kwa kusema wazi, "Ukiniambia kwamba mtu anakuumiza, sitanyamaza, nitakupeleka kwa mwalimu fulani, na nitakaa nawe." Tulidhani maneno hayo yatawafunga watoto mdomo. Bado wanakuja. Ubaoni tunaacha namba 116, simu ya bure ya watoto inayoitwa Sauti, na mwalimu mlezi anakuwa nje ya darasa, anaonekana dirishani, hasikii.

Na vijana wenyewe waijue sheria, kwa faida yao pia. Uganda, ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18 ni jinai, hata kama alikubali, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Tangu marekebisho ya 2007 inahesabiwa kuwa nzito zaidi ikiwa mtoto hajafika miaka 14, au ikiwa mkosaji ni mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu yake. Mtoto wa P6 akielewa kwamba mjomba ndiye mwenye kosa, na si yeye, kipindi kizima kimeshalipa.

Mkutano na kiapo

Sitaudharau. Mkutano mkubwa unakusanya shule nzima asubuhi moja, una muziki, una furaha, na mtoto anayejiona peke yake katika kusubiri anageuka na kuona wenzake mia nne wameinua mkono. Hilo si dogo. Na Uganda ina historia ya mtu kusimama mbele ya umati na kuubadilisha. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana virusi, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana mpaka nguvu zilipomwishia. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Waliokuwa wanafunzi wakati ule bado wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi. Ushuhuda wake, pamoja na kampeni ya wazi ya serikali ya kuwataka watu wasubiri, wawe waaminifu na watumie kondomu, ni sehemu ya sababu maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalishuka kutoka karibu 18% mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 6% mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Lakini Lutaaya hakuwapa watoto kadi wajaze. Kiapo ni kitu kingine.

Huko Marekani watafiti Peter Bearman na Hannah Brückner waliwafuatilia vijana walioapa kusubiri hadi ndoa. Mwaka 2001 waliandika kwamba walioapa walichelewa kuanza ngono kwa karibu miezi 18 kwa wastani. Ni faida ya kweli. Ila faida hiyo ilionekana pale tu ambapo walioapa walikuwa wachache shuleni, kikundi chenye utambulisho wake. Kila mtu alipoapa, kiapo kilikuwa sare ya shule tu. Mwaka 2005 walirudi na habari nyingine: wengi walikuwa wamevunja, viwango vyao vya magonjwa ya zinaa havikutofautiana na vya wenzao, na walipoanza walikuwa na uwezekano mdogo wa kutumia kondomu.

Sasa tazama mkutano wa shule unavyoendeshwa. Kila mtoto anapewa kadi. Anayesita anaonekana. Ndiyo namna ileile ambayo utafiti unasema haifanyi kazi.

Yako pia yale nisiyoweza kuyasahau. Kulikuwa na mkutano katika shule moja, watoto wakatia saini, kadi zikabandikwa ukutani zenye majina. Muhula uliofuata msichana mmoja alionekana ana mimba. Hakuna aliyeiondoa kadi yake. Watoto walikuwa wakisimama pale ukutani na kuisoma kwa sauti. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unataka msichana aliyejifungua arudi masomoni. Nani atarudi kwenye ukuta ule? Na yule wa P6 aliyekuwa akisumbuliwa na mjomba angetia saini gani? Kadi ilimwambia ajitunze safi. Yeye tayari aliamini hayo yamempita.

Ndiyo maana vijana wangu hawaapishi mtu. Wanasema kwamba kusubiri kunaweza kuanza leo, hata kwa aliyekwisha kuanza, hata kwa aliyelazimishwa, maana huyo wa mwisho hakuchagua kitu.

Nikiri na kosa langu la pili, kwa sababu linahusu ushuhuda. Nilimruhusu mvulana wa S6 asimulie "maisha yake ya zamani" kabla hajabadilika. Alisimulia kwa ufundi. Disko, wasichana, pesa za kuvusha bidhaa, halafu dakika mbili za mwisho toba. Wakati wa mapumziko nilipita uwanjani na kuwasikia watoto wakirudia hadithi. Ya disko. Toba hakuna aliyeirudia. Tangu hapo ushuhuda wa kijana kwetu una kipimo kimoja: asimulie alivyokataa. Kama hana hadithi ya kukataa, aongoze maigizo.

Gharama, muda na ruhusa

Vijana ni nafuu. Wanatembea kwa miguu, wanakula mandazi na chai shuleni walikoalikwa, basi. Muuguzi ana kazi zake na siku nyingine hafiki, lakini hadai kitu. Mkutano una spika, mafuta ya jenereta, na bahasha ya nauli ya wageni.

Gharama ya vijana iko kwenye maandalizi. Sisi tunakaa nao Jumamosi sita kabla hawajaingia darasani, mbili kati ya hizo na muuguzi. Usipokuwa na Jumamosi hizo, usiwapeleke, nakusihi. S5 huanza masomo baada ya matokeo ya S4 kutoka, kwa hiyo muhula wa kwanza ni wa kuchagua na kufundisha, wa pili ni wa kwenda. Muhula wa tatu P7 wanakimbilia mtihani wa kumaliza shule ya msingi na hakuna anayesikia lolote. Tofauti ya umri nayo izingatiwe: miaka minne au mitano inafaa. S2 akimfundisha P7, kesho yake wanachumbiana.

Kuhusu ruhusa, walimu wakuu wana hofu, na si ya bure. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha mafunzo ya jinsia yaliyokuwa yakiletwa na mashirika shuleni, na mwongozo wa taifa uliotolewa 2018 ulipingwa na viongozi wa makanisa. Njia niliyoiona ikifaulu ni kusoma kila kitu katika mkutano wa wazazi, neno kwa neno, vijana wakiwapo. Sheikh na padri wetu wote wamewahi kukaa kwenye mkutano huo na kutubariki. Wao wanampa mtoto kitu ambacho vijana hawampi, yaani sababu ya kusubiri iliyo kubwa kuliko hofu, na sitaki kazi hiyo wanyang'anywe. Shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, zamani ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya haya. Katika familia nyingi sasa anaishi Kampala na anaonekana Krismasi.

Basi uchague nini

Ukiwa na watoto wa P4 au P5, usilete vijana bado. Hapo mwalimu mlezi anatosha: mwili ni wako, mtu mzima akikuomba siri inayokutia hofu mwambie mwingine, namba ni 116. Vipindi vifupi, mara nyingi.

Ukiwa na P6, P7 au S1, leta vijana, lakini si mbele ya shule nzima. Wagawe watoto kumi na wawili kwa kijana mmoja, chini ya miti, wavulana peke yao na wasichana peke yao mara ya kwanza, pamoja mara ya pili. Muuguzi aingie katikati, ajibu maswali ya boksi yanayohitaji elimu, na aondoke. Wiki tatu mfululizo zina faida kuliko siku moja ndefu.

Ukiwa na siku moja tu na huna kijana aliyeandaliwa, mchukue muuguzi. Mwombe aache hotuba, achore ubaoni mvulana wa S2 na mwenye gari, aanze hapo.

Mkutano uufanye ukipenda, mwishoni, watoto waimbe na kuonyesha maigizo waliyotunga. Kadi ziache.

Na kama mfukoni kuna pesa kidogo zaidi, zisiishie kwenye mazungumzo. Hapa Uganda shirika la BRAC liliendesha vilabu vya wasichana vilivyoongozwa na dada wa kijijini waliowazidi umri kidogo, vikichanganya maongezi ya mwili na mafunzo ya ufundi wa kujipatia kipato. Baada ya miaka minne, mimba za wasichana katika jamii hizo zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na waliosema wamelazimishwa ngono walipungua kwa karibu theluthi. Kiongozi ni dada mkubwa kidogo, kama wetu. Ila yule dada alikuwa na cherehani kando yake.

Hilo linanirudisha kwenye lile swali la boksi la sabuni, kuhusu karo. Msichana wangu alieleza namna ya kurudisha simu. Karo hairudishwi kwa shangazi. Baada ya kipindi nilikwenda na mwandiko ule kwa mwalimu mkuu, tukalinganisha na madaftari, tukampata. Deni lake lilikuwa la muhula mmoja na sare. Walimu walichanga, kamati ya wazazi ikamalizia, na yule mtu aliyekuwa akilipa akaripotiwa kwa afisa ustawi wa jamii. Mwaka huu mtoto yuko S1 shuleni kwetu. Ameniuliza kama anaweza kuingia kwenye kikundi, nikamwambia asubiri hadi S5.